Najua, lakini sifanyi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maamuzi ya afya ya ngono kwa watu wazima

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kila siku kwenye vyumba vya ushauri nasaha na madirisha ya maduka ya dawa. Mengi hayatoki kwa mtu asiyejua. Muulizaji anajua kondomu ni ya nini na kipimo kiko wapi. Kinachomkwamisha ni kile ambacho uamuzi wenyewe unaonekana kusema: kuomba kondomu kunasikika kama kushuku, na kwenda kupima kunasikika kama kukiri kosa. Majibu yameandikwa kwa watu wazima, na unaweza kuanza na swali lolote.

## Mwanzo: kujua na kufanya

1. Kama kila mtu anajua kondomu inakinga, kwa nini watu wanaenda peku?

Kwa sababu tunaahidi kichwa kikiwa kimepoa, halafu tunatekeleza mwili ukiwa umechemka. Mwaka 2006 watafiti Dan Ariely na George Loewenstein walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 35 wa kiume wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliojibu wakiwa na ashiki walionekana kuwa tayari zaidi kuacha kondomu kuliko waliojibu wakiwa wametulia. Jaribio lilikuwa dogo, na la wanaume watupu, lakini linaonyesha jambo ambalo washauri nasaha wanalijua: mtu aliyetulia hawezi kukisia vizuri atakavyokuwa saa sita usiku.

Kwa hiyo kujiambia "nitakuwa makini" hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuuhamisha uamuzi uende saa ya utulivu, na uwe wa kitendo kimoja chenye wakati wake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameuchunguza kwa miaka mingi mpango wa aina ya "kama hivi, basi vile". Kwa mfano: *kama tukifunga mlango wa chumba, basi naweka kondomu juu ya mto kabla sijavua viatu.* Kondomu iliyo juu ya mto haihitaji mjadala. Iliyo dukani, au ndani ya begi lililoachwa sebuleni, inahitaji mtu ainuke, avae na aende, na hapo ndipo wengi wanaposema "leo tu".

Sababu ya pili ni maana ambayo kondomu hubebeshwa kati ya wapenzi. Hiyo iko kwenye swali la 4.

2. Kwa nini naogopa mimba kuliko VVU?

Mimba ina tarehe na ina mashahidi. Hedhi isipokuja unajua ndani ya wiki chache, tumbo linaonekana, mama na majirani wanauliza. VVU havina tarehe, na havionekani usoni. Hofu zetu hufuata kilicho karibu na kinachoonekana.

Madhara yake ni haya: baada ya tukio mtu anakimbilia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, anaimeza, anapumua, na safari inaishia hapo, wakati saa za kuanza dawa za kuzuia VVU zinaendelea kuyoyoma. Jiwekee kanuni moja: tukio lolote linalokufanya ufikirie P2 likufanye uulize pia kuhusu PEP, yaani hizo dawa za kuzuia VVU. Tazama swali la 13 na la 14.

3. Tendo moja bila kinga lina hatari kiasi gani?

Kwa makadirio yanayotumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, pale ambapo mwenza ana VVU na hatumii dawa, mwanamke katika tendo la ukeni ana wastani wa hatari ya maambukizi 8 kwa kila matendo 10,000. Mwanaume katika tendo hilohilo ni 4. Anayepokea kwa njia ya haja kubwa ni 138. Hizi ni wastani tu. Hatari hupanda mwenza akiwa ameambukizwa karibuni, au mmoja akiwa na vidonda sehemu za siri.

Watu wengi hushangaa namba zilivyo ndogo, kwa kuwa walizoea kuambiwa mara moja inatosha. Kweli, mara moja inaweza kutosha. Ila kukuza hatari kupita kiasi nako kunaumiza. Anayeamini kwamba kila tendo ni maambukizi, baada ya miaka kadhaa ya kwenda peku hujiambia, "Kama ni kuupata, nimeshaupata." Hapo haoni tena faida ya kondomu wala ya kupima, na huenda hana maambukizi kabisa.

Namba ndogo pia hujumlishana. Nane kwa 10,000 zikirudiwa mara 100 na mwenza huyohuyo zinakaribia 8 kwa 100. Hiyo ni hesabu ya uhusiano wa kawaida wa mwaka mmoja.

## Kondomu

4. Nimwambieje mwenza wangu wa muda mrefu tutumie kondomu bila kuonekana namshuku, au mimi ndiye niliyechepuka?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na watu wanaolirahisisha hawajawahi kukaa na wanandoa wakilizungumza. Kondomu iliyotumika tangu siku ya kwanza haimsemi mtu vibaya. Inayoingia mwaka wa tatu inasomeka kama barua ya mashtaka. Ndiyo maana watu hao hao wanaotumia kondomu na mchepuko hawaitumii nyumbani, ingawa hatari ikishaingia kwa mmoja inafika kwa mwingine.

Usizungumzie kitandani. Pale kukataa kondomu na kukukataa wewe vinafanana. Chagua wakati mko pamoja mnafanya kitu kingine, mnatembea au mnachambua mboga, ili msiangaliane usoni muda wote.

Anza na sababu iliyo ya kweli na isiyomgusa mtu. Uzazi wa mpango hufungua mlango mara nyingi: "Baba Neema, sindano imenipita miezi, na mtoto bado ananyonya. Tutumie kondomu mpaka nikachome nyingine." Kama sababu ya kweli ni VVU, jitaje wewe kwanza: "Tuliacha kondomu kabla hatujapima. Mimi mwenyewe sijui hali yangu, na ndilo linalonikosesha usingizi. Twende tukapime, halafu tuamue."

Jiandae kwa swali litakalokuja, kwa sababu litakuja: "Kwa hiyo huniamini?" Ukianza kujitetea, mazungumzo yamegeuka kesi. Jibu fupi linatosha: "Nakuamini. Hujapima, nami sijapima. Hilo halihusu kuaminiana." Kisha nyamaza. Mwachie muda, hata siku mbili.

Kondomu ya kike nayo ifikiriwe. Inaweza kuvaliwa hadi saa 8 kabla ya tendo, hivyo haikatizi chochote. Kama jibu la mwenza wako huwa ni vitisho au kipigo, usianze mazungumzo haya peke yako. Soma swali la 20.

5. Wanasema huwezi kula pipi na ganda lake. Si kweli kwamba inapunguza utamu?

Kwa wengine inabadilisha hisia, na kubisha hilo kunamfanya msikilizaji asiamini mengine unayosema. Lakini malalamiko mengi yana chanzo kinachorekebishika: kondomu inayobana au kulegea, ukavu, na wasiwasi wa kuivaa mbele ya mtu hadi uume ulegee. Mwanaume aliyepata aibu hiyo mara moja atakwepa kondomu miaka, na atasema ni utamu, kwa kuwa kusema ni aibu ni kugumu zaidi.

Ajaribu kuivaa akiwa peke yake, mara tatu nne, mpaka mikono izoee. Atie tone moja la kilainishi cha maji ndani ya ncha kabla ya kuivaa, na kingine nje. Abadilishe aina mpaka apate inayomkaa.

6. Kwa nini kondomu hupasuka au kuchomoka?

Mara nyingi ni joto, mafuta, hewa au ukavu. Kondomu iliyokaa miezi kwenye pochi ya mfuko wa nyuma au ndani ya gari juani imeshachoka kabla ya kufunguliwa. Vaselini, mafuta ya nazi na losheni huharibu mpira wa kawaida ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji au cha silikoni. Kuvaa mbili kwa pamoja kunazifanya zisuguane, si kinga maradufu.

Angalia tarehe. Bonyeza pakiti: lazima kuwe na hewa ndani. Chana kwa vidole, si kwa meno. Hakikisha upande unaokunjuka uko nje. Ukikosea, usiigeuze, tupa uchukue nyingine, kwa sababu ncha imeshagusa majimaji. Bana chuchu ya mbele kutoa hewa, kunjua hadi kwenye shina. Baada ya kumwaga, shika shina na utoke kabla uume haujalegea. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana, na ndiyo husababisha kondomu ibaki ndani.

Imepasuka? Nenda swali la 13 sasa hivi.

7. Nikinywa, maamuzi yangu yote yanayeyuka. Pombe inafanya nini hasa?

Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza kwamba pombe hubana upeo wa akili: kilicho karibu kinabaki kuonekana, kilicho mbali kinafutika. Mtu aliye mbele yako yuko karibu. Kliniki ya wiki ijayo iko mbali. Hivyo ukitaka kinga ikumbukwe, iwe karibu pia: kondomu mfukoni kabla ya chupa ya kwanza, na rafiki uliyemwambia mapema kwamba leo unarudi naye.

Na aliyelewa chakari hawezi kukubali tendo. Hapo hakuna uamuzi wa kuzungumzia.

## Kupima

8. Nina miezi nataka kupima, naahirisha tu. Ni woga?

Sehemu ni woga, lakini si kubwa kama unavyodhani. Mtafiti Rebecca Thornton alifanya jaribio vijijini Malawi, matokeo yakachapishwa 2008. Watu walikuwa wameshapimwa VVU. Kilichobaki ni kufuata majibu. Bila kupewa chochote, asilimia 34 tu walifuata. Kwa waliopewa hata kiasi kidogo kabisa cha fedha, idadi ya waliofuata iliongezeka maradufu. Kituo kilipokuwa mbali, watu walipungua. Kama ingekuwa hofu kuu ya kufa, vijisenti visingeishinda. Kilichowakwamisha ni mwendo, muda, na kukosa sababu ya kwenda *leo*.

Basi punguza vikwazo vidogo. Chagua siku na kituo, tafuta nauli, na mtafute mtu wa kwenda naye. Ukiogopa kukutana na jirani kwenye foleni, nenda kituo cha kata nyingine au ujipime nyumbani (swali la 10). Kwa yule anayesema "bora nisijue", kuna jambo moja la kutafakari: kutokujua hakubadilishi kilichomo kwenye damu, kunabadilisha tu siku dawa zitakapoanza.

9. Mke wangu alipima kliniki ya wajawazito akaonekana hana. Si nami niko salama?

Hapana. Majibu yake ni yake. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, hata baada ya miaka, kwa sababu ya hesabu iliyo swali la 3. Wanaume wengi hutumia daftari la kliniki la mke kama cheti chao wenyewe, na hivyo huchelewa kugunduliwa.

Kisumu, Kenya, utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha njia rahisi: wanawake wa kliniki walipopewa vifaa vya kujipimia wakawapelekee wenza wao, karibu asilimia 91 ya wenza walipimwa, dhidi ya asilimia 52 pale mwanamke alipopewa barua ya mwaliko tu. Wanaume wale hawakuwa wagumu kama inavyosemwa. Foleni ya kliniki ndiyo hawakuitaka.

10. Najipimaje nyumbani kwa kipimo cha mate?

Nchini Tanzania sheria iliruhusu kujipima kupitia marekebisho ya 2019. Kenya ilizindua huduma hiyo 2017. Fuata maelekezo ya kifaa ulichonacho. Kwa kile cha kupangusa fizi, kwa kawaida ni hivi:

Usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, na kama umepiga mswaki subiri dakika 30. Pangusa fizi ya juu mara moja, ya chini mara moja, nje ya meno. Chomeka kijiti kwenye kichupa, weka saa. Soma baada ya dakika 20, si zaidi ya 40. Mstari mmoja kwenye C: hakuna dalili ya VVU kwenye kipimo. Mistari miwili, C na T: kipimo kimeitika, yaani kimeonyesha dalili ya VVU, *hata kama mstari wa T umefifia*. Hakuna mstari wa C: kifaa kimeharibika, rudia kwa kingine.

Hapa ndipo akili inapocheza. Mtu mwenye hofu huuona mstari uliofifia akajiambia haupo. Mwenye hofu zaidi huchungulia kifaa tena asubuhi, akaona alama iliyojitokeza baada ya muda, akazimia. Vyote viwili ni makosa. Kipimo kilichoitika si majibu ya mwisho. Lazima kithibitishwe kituoni. Kama unatumia ARV (dawa za VVU) usijipime kwa kifaa hiki, kinaweza kukudanganya kwamba huna.

Usijipime usiku wa manane peke yako. Pima asubuhi ya siku ambayo kituo kiko wazi, na uwe na namba ya mtu mmoja unayeweza kumpigia.

11. Nimepima wiki mbili baada ya tukio, sina. Nimepona?

Bado. Vipimo vya haraka vinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Majibu ya uhakika kwa vipimo hivi ni miezi 3 baada ya tukio la mwisho. Katikati hapo tumia kondomu, hasa kwa kuwa maambukizi mapya ndiyo yenye virusi vingi. Kupima kila siku tatu hakuharakishi chochote, kunachosha moyo tu.

12. Mwenza wangu anao, mimi nimepima mara nne sina. Nina kinga ya asili?

Karibu hakika huna. Ulichonacho ni bahati ya hesabu, au mwenza anayemeza dawa zake vizuri (swali la 19). Jifunze lipi kati ya hayo mawili ni kweli kwa kuuliza majibu yake ya wingi wa virusi. Kama virusi havijafubaa (havijapungua hadi visionekane kwenye kipimo), au hamjui, anza PrEP, dawa za kuzuia VVU zinazotumiwa kabla ya hatari.

## Baada ya tukio

13. PEP ni nini, na nina muda gani?

Ni dawa za ARV zinazomezwa siku 28 kuzuia VVU visikae mwilini baada ya hatari. Zianze mapema iwezekanavyo, kikomo ni saa 72. Hesabu kwa saa, si kwa siku: tendo la Ijumaa saa nne usiku, mlango unafungwa Jumatatu saa nne usiku. Anayesema "nitaenda Jumatatu nikitoka kazini" amebakiza saa chache, na akikuta foleni amekosa. Hospitali zenye huduma ya dharura hufungua Jumamosi na Jumapili. Nenda.

Mtu hupoteza saa hizo akifanya upelelezi: anamtumia meseji yule mwenza, anakagua picha zake, anajadili kama "anaonekana mzima". Acha. Sema kwa mtoa huduma sentensi moja: "Nimefanya ngono bila kinga jana saa fulani, nahitaji PEP." Huna haja ya kueleza kwa nini. Utapimwa kwanza, kwa sababu mwenye VVU tayari anahitaji matibabu kamili.

Kosa la pili huja katikati ya dozi. Hofu imeshuka, kichefuchefu kimebaki, mtu anaacha. Siku 28 ni 28. Meza baada ya kula, rudi kituoni kama hali inakusumbua, na upime tena kwa ratiba watakayokupa.

14. P2 naitumia karibu kila mwezi. Inaharibu kizazi?

Hapana, haiharibu kizazi. Tatizo ni kwamba kama mpango wa kila mwezi ni dhaifu. Dawa yenye levonogestreli miligramu 1.5 hufanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Yai likishatoka haina la kufanya, na haitoi mimba iliyokwisha kutungwa. Ni bora ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ukitapika ndani ya saa 2, meza nyingine. Hailindi tendo la kesho. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hupunguza nguvu yake, na ARV ya efavirenzi vilevile. Lupu ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 ni imara kuliko P2, na inabaki kukukinga.

Tunapendelea P2 kwa sababu inalipiwa baada ya hofu. Njia ya kudumu inadai ukubali mapema kwamba *utafanya* ngono, na kwa wengi, hasa wasioolewa, kukubali huko ndiko kuzito.

## Kinga ya kupanga

15. PrEP si ni ya malaya? Watu watadhani nina ngoma.

PrEP ni ya yeyote ambaye miezi ijayo inaweza kumkuta bila kondomu na mtu asiyejua hali yake. Wanaoiacha mara nyingi hawashindwi na dawa, wanashindwa na kopo: linagongana kwenye begi, linafanana na la ARV, dada mwenye nyumba analiona. Hamishia vidonge vya wiki kwenye chombo kikavu kisicho na sauti, acha kopo nyumbani. Funga kumeza na kitu usichokisahau, kama kupiga mswaki.

Kwa mwanamke, vidonge vinahitaji siku 7 mfululizo kabla ya kutegemewa, na siku 7 baada ya hatari ya mwisho. Mwanaume anaweza kuanza na vidonge 2 kati ya saa 2 na 24 kabla ya tendo, kisha kimoja kila siku hadi siku 2 baada ya tendo la mwisho. Pima VVU kabla ya kuanza na kila miezi 3. PrEP haizuii kisonono, kaswende wala mimba. Asiyeweza vidonge vya kila siku aulize sindano: ile ya kabotegraviri kila miezi 2, au lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza Julai 2025.

16. Nimetahiriwa. Bado nahitaji kondomu?

Ndiyo. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) yalionyesha tohara hupunguza hatari ya mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Arobaini iliyobaki ipo, na tohara haimkingi mwanamke moja kwa moja. Kidonda kinahitaji wiki 6 kupona. Anayekiwahi anajiongezea hatari.

17. Sindano ya uzazi wa mpango imenikata hedhi. Damu inajaa tumboni?

Haijai popote. Sindano hufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi uwe mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka. Hofu hii inaeleweka, kwani tumelelewa tukiambiwa hedhi ni usafi wa mwili, na mtu akikosa kitu alichozoea kukiona anatafuta kimekwenda wapi. Mtoa huduma anayelitaja hili kabla ya kuchoma, badala ya kuliita "maudhi madogomadogo" na kupita, huwasaidia wanawake wengi wasiache njia kimyakimya.

Jambo la kweli la kupanga ni kurudi kwa uzazi. Baada ya sindano ya mwisho, kushika mimba huchukua kwa kawaida takriban miezi 10. Anayetaka mtoto mwaka ujao afikirie kijiti au lupu, ambapo uzazi hurudi mara kikitolewa. Wanaotaka kutumia njia bila mwenza kujua: kijiti hupapaswa mkononi, sindano haionekani, na nyuzi za lupu huweza kukatwa fupi ukiomba. Kadi yako iache kituoni.

## Hali ngumu

18. Nina "UTI sugu", natibiwa inarudi. Kwa nini?

UTI ipo, na wanawake huipata hata bila ngono. Lakini neno hili limekuwa pazia. Linatajika mbele ya mama mkwe, halimtaji mwenza, na muuza dawa hulielewa. Hivyo kisonono na klamidia hutibiwa kwa jina la UTI, kwa vidonge vichache vya kukisia, mmoja akitibiwa na mwingine akibaki.

Omba mkojo uoteshwe maabara, na useme wazi ukiwa peke yako na daktari: "Naomba nipimwe na magonjwa ya zinaa." Likithibitika, wenza wote watibiwe, dozi imalizwe, na msikutane kimwili kwa siku 7 baada ya matibabu. Kukosa dalili si ushahidi: magonjwa mengi ya zinaa hayana dalili kabisa. Ukishindwa kumwambia mwenza, muulize mtoa huduma kama wanaweza kumjulisha bila kukutaja.

19. Ninatumia ARV na virusi havionekani. Kweli siambukizi?

Kweli, kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER uliochapishwa 2016 ulifuatilia jozi 888 za wenza wa Ulaya ambao mmoja wao alikuwa na VVU vilivyofubazwa; katika matendo takriban 58,000 bila kondomu, hakuna maambukizi hata moja yaliyotoka kwa mwenza huyo. Sharti ni dawa kila siku na kipimo cha wingi wa virusi kinachothibitisha. Zipe dawa hadi miezi 6 ya mwanzo kabla ya kutegemea hilo.

Watu huamini takwimu hii kichwani na kuikataa mwilini, kwa sababu mabango ya miaka ya tisini bado yamo ndani yetu. Mwenza akihitaji kondomu miezi kadhaa zaidi ili atulie, mpe. Nendeni pamoja siku ya majibu, ayasome mwenyewe.

20. Naogopa nikimwambia nina VVU atanipiga.

Basi usimwambie leo, wala usimwambie mkiwa wawili tu. Kuanza dawa hakuhitaji ruhusa yake. Mweleze mshauri nasaha wa CTC (kliniki ya matunzo na matibabu ya VVU) hofu hii kwa maneno haya haya; wapo waliofunzwa kusaidia mazungumzo yafanyike kituoni, au kuahirisha mpaka uwe salama. Kwa aliyelazimishwa ngono: hospitali kwanza, bila kuoga ikiwezekana, ukiwa na nguo ulizovaa. PEP ndani ya saa 72, kinga ya dharura ya mimba hadi saa 120. Fomu ya polisi, PF3 Tanzania na P3 Kenya, ina umuhimu wake, lakini dawa zisiisubiri. Kuganda na kushindwa kupiga kelele ni namna mwili unavyoitikia hofu, haimaanishi ulikubali.

21. Nimekuta vidonge vimefichwa kwenye begi la mwenza wangu. Nifanye nini?

Usiviondoe, na usivihesabu mbele yake. Huenda ni ARV, huenda ni PrEP, huenda ni dawa za kitu kingine kabisa. Jina kwenye kopo peke yake halitoshi, kwani baadhi ya dawa zimo kwenye vyote viwili. Kama ni ARV, kila dozi anayoimeza inakukinga wewe pia, na akiziacha kwa kuogopa umemgundua, virusi huanza kupanda ndani ya wiki chache. Rudisha kopo lilipokuwa. Kapime wewe kesho asubuhi, ueleze ulichokiona, na uulize PEP au PrEP kulingana na lini mmekutana mara ya mwisho. Ukishajua hali yako, una la kuanzia: "Nimepima wiki hii. Nataka tuzungumze kuhusu majibu yangu, halafu kuhusu sisi."